Miguu Niliyoipeleka Mbarara

Mimi ni mtu wa kuumwa. Nasema mapema ili asiyependa habari za wagonjwa aende zake salama. Nimeumwa shingo, mabega, kiuno, nyonga, viwiko, taya, na kuna siku hata ngozi ya kichwa iliniuma mpaka kitana kikanitoa machozi. Mtu akinichora na kutia alama kila mahali palipouma, atamaliza wino. Lakini mimi ndiye niliyebaki kuandika, na dada yangu, ambaye aliumwa miguu peke yake, hayupo.

Nilimwita yaya, kama sisi watu wa Kivu ya Kusini tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwishoni mwa mwaka 1996, sisi wawili tu, kwa sababu wengine wa nyumba yetu hawakufika. Tulipewa kiwanja upande wa Rubondo, turubai moja, jembe moja na sufuria. Yaya alishika jembe. Alilima maharage na mahindi, akafyatua matofali ya udongo, akajenga nyumba ya vyumba viwili, na jioni bado alikuwa na sauti ya kuimbisha wamama wa maombi kanisani. Mimi niliolewa hapo kambini na nikaachwa hapo hapo kambini. Mume wangu alisema hakuoa ili aishi na mwanamke anayelia akishikwa bega, na kwa hilo siwezi kumsingizia uongo, kwa sababu nilikuwa nalia kweli.

Maumivu yangu yalianza kama miaka kumi baada ya kufika. Sikuanguka, sikupigwa, sikupata homa. Niliamka siku moja nimechoka kuliko nilivyolala, na tangu hapo sijaamka vingine. Leo yalikuwa mgongoni, kesho kwenye mapaja, keshokutwa mwili mzima kama mtu aliyebeba magunia usiku kucha. Nilianza kusahau vitu. Niliweka maharage motoni bila maji. Nilifika kisimani bila dumu, nikasimama kwenye foleni mikono mitupu, wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao ili wasijue kwamba niliogopa.

Walikuwa na jina la ugonjwa wangu. Waliuita uvivu. Jirani mmoja alisema mbele yangu kwamba kuna watu wanaougua jembe, wakiliona tu mgongo unauma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti hasemi, na mimi nilisema, kila siku, na ndiyo maana walinichoka. Mtu anayelalamika sehemu moja anaonewa huruma. Anayelalamika mwili mzima anaonekana mwigizaji.

Kisha yaya naye akaanza kuumwa.

Yeye alianza na vidole vya miguu, vyote kumi, kulia na kushoto sawasawa. Alisema ni kama amekanyaga pilipili. Baada ya miezi moto ule ulipanda hadi kwenye nyayo, kisha hadi kwenye vifundo, ukaishia pale pale pande zote mbili, kama mtu aliyevaa soksi. Mchana alikuwa akitembea, akilima, akiimba. Jua likizama alikaa mlangoni na kutia miguu kwenye beseni la maji, akauma meno. Wakati mwingine aliruka ghafla, akasema amechomwa sindano, na hapakuwa na sindano wala mdudu.

Alikuwa pia akinywa maji sana na kutoka nje mara nyingi. Hilo hatukulihesabu. Nakivale kuna jua na vumbi, nani asiyekunywa maji?

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokana na hili: tuliamua kwamba ugonjwa wetu ni mmoja. Hakuna aliyetuambia. Tuliona tu kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Tumezaliwa na mama mmoja, tumetembea njia moja, tumelala porini pamoja, tumewazika watu wale wale kwa mikono hii, wote wawili hatulali vizuri, wote wawili tunaumwa, na dawa za kutuliza maumivu za kituo cha afya hazitusaidii wote wawili. Wamama wa maombi walituombea kwa pamoja, mkono mmoja kichwani kwangu, mwingine kichwani kwa yaya, ombi moja kwa watu wawili.

Baba yetu alikuwa mfugaji. Ng'ombe akichechemea, baba hakukaa kubishana ni ugonjwa gani. Alimshika, akainua ukwato, akatazama. Mimi mtoto wake niliishi na mwanamke anayechomwa miguu miaka miwili, na sikuwahi kuinua mguu wake nikautazama.

Na kuna jambo jingine, la aibu, na nitalisema kwa sababu nimechoka kulibeba. Nilifurahi yaya alipoanza kuumwa. Sikufurahia maumivu yake, Mungu ananijua. Nilifurahia ushahidi. Yaya hakuwa mvivu, hata adui yake asingethubutu kusema hivyo. Basi kama ugonjwa wake ni ule ule wangu, na mimi si mvivu. Niliposikia wanawake kisimani wakisema, "Kumbe kweli ni ugonjwa, ona hata mukubwa wake," nilitembea na dumu langu kichwani kama bibi harusi.

Nilikuwa nimekwenda kituo cha afya mara nyingi mno, mpaka mganga wa pale alipochoka kuniona akaniandikia karatasi ya kwenda hospitali Mbarara. Yaya alikuwa amekwenda mara moja tu, akakaa foleni siku nzima, akapewa vidonge vya maumivu, hakurudi tena. Alisema mama wa maombi akionekana kila siku kwa mganga, watu watauliza anamwomba nani.

Jioni niliyopewa karatasi aliishika, akaitazama ingawa hakujua kusoma, akanirudishia.

"We utaenda," akasema. "Ukifika kwa daktari, sema na miguu yangu. Lakini sema ni ya kwako."

"Na bakijua?"

"Batajua namna gani? Miguu haina jina. Karatasi ni moya, na ugonjwa ni moya. Bakupime we, dawa tutakunywa sote."

Asiyeishi kambini atashangaa. Sisi hatukushangaa. Kambini mtu haendi kwa daktari peke yake, hata akienda peke yake. Anayepata nafasi anabeba na magonjwa ya wenzake. Nimewahi kumwona mama akikohoa mbele ya mganga kikohozi cha mumewe, na akakipatia vizuri kuliko mumewe mwenyewe. Mimi nilishaeleza jicho la jirani kama langu nikapewa dawa ya matone. Tuliona ni upendo. Ulikuwa upendo kweli, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Gari la wagonjwa lilinitoa Nakivale alfajiri. Kufika Mbarara nywele zilikuwa nyekundu kwa vumbi, na kila shimo la barabara nililipokea kiunoni. Nilikaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, nikirudia moyoni maneno ya miguu ya yaya ili nisisahau hata moja: pilipili, soksi, sindano, beseni.

Daktari alikuwa mtu mzima, mtaratibu, Mnyankore, mwenyeji wa huko Mbarara, aliyejifunza Kiswahili chake kwa wagonjwa na askari. Alinisikiliza. Siwezi kueleza jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Alinisikiliza bila kutazama mlango. Alinibonyeza shingo, mabega, kifua, viwiko, nyonga, magoti, na kila alipobonyeza kidogo tu niliruka. Aliniuliza kama nikilala naamka nimepumzika. Nikasema hapana. Aliniuliza kama nasahau. Nikamwambia habari ya maharage. Akaandika.

"Hii kitu yako iko kweli," akasema. "Hapana uongo, hapana uvivu."

Nililia pale, kwa sauti, kama mtu aliyepata barua ya nyumbani. Aliningoja. Alipoona nimetulia akauliza kama kuna neno lingine. Hapo ndipo nikatoa miguu ya yaya.

Niliieleza vizuri. Niliieleza kuliko nilivyoeleza mwili wangu mwenyewe. Uso wa daktari ulibadilika, akavuta kiti karibu, akaniambia nivue viatu. Alichukua pamba akanigusa vidole nikiwa nimefumba macho. Nikasikia. Alinichoma kidogo na ncha ya sindano. Nikasikia, nikavuta mguu. Alinipiga nyundo ndogo nyuma ya kifundo, mguu ukaruka wenyewe. Alipiga chuma chenye pembe mbili, kikavuma, akakisimamisha kwenye mfupa wa kidole gumba, nikausikia mvumo hadi ndani. Akamwita muuguzi anitoboe kidole cha mkono kupima sukari. Sukari ilikuwa nzuri.

Daktari alirudi kitini, akakunja uso.

"Mama, hii maneno na hii miguu hapana patana. Maneno iko ya mutu ingine. Hii ni miguu yako kweli?"

Mlango ulikuwa wazi. Mtu mwema alinifungulia mlango, akanishikia nipite. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: ni ya yaya. Lakini mkimbizi akiulizwa kama kitu ni chake kweli, hasikii swali la daktari. Anasikia swali la mtu mwenye orodha. Nilifikiria karatasi ile kuchanwa, jina langu kufutwa, kurudishwa kituoni na sifa ya udanganyifu. Na zaidi ya hayo, alikuwa ametoka kuniambia kwamba mimi si mwongo.

"Ni yangu," nikasema.

Alinitazama kidogo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu kwa asili yake, alichukua karatasi akachora mtu, akampaka kalamu miguuni kama soksi. Alisema mishipa ya fahamu ni waya. Ikiharibika, maumivu yana njia yake: yanaanzia mwisho wa waya, kwenye ncha za vidole, na kupanda juu, miguu yote miwili sawasawa, ya moto, ya umeme, ya sindano. Yanakuja pamoja na ganzi. Na daima kuna kitu kinachozila hizo waya, na hapa mara nyingi ni sukari. Ukimpima mtu huyo, hasikii pamba, hasikii mvumo wa chuma.

Kisha akachora mtu wa pili, akampaka kalamu mwili mzima. "Wewe iko hii," akasema. Akaandika neno refu, fibromialjia. Alieleza kwamba katika ugonjwa huo waya ni nzima, lakini ubongo unapokea kila kitu kwa sauti kubwa mno, kama redio iliyokwama. Maumivu yanahama, yanapanda na kushuka kwa siku, yanakula usingizi, na vipimo havioni kitu. Ugonjwa haukati kiungo, hauui. Alinipa ile karatasi na vidonge vidogo vya kumeza jioni na kuniambia nitembee kila siku hata kidogo.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango aliponiita tena.

"Hii moto ya miguu. Kama siku moja inazima yenyewe, hapana furahi. Waya ikikufa inanyamaza. Ukisikia iko kimya, kuja mbio."

Nilimwambia nimesikia. Na nilisikia kweli.

Yaya aliningoja nyumbani, mlangoni, na chai ya sukari nyingi, kama alivyoipenda. Hata sikukaa. Nilimwambia kila kitu kwa mafuriko: daktari ameniamini, ugonjwa una jina, hauui, waya ni nzima, sukari hakuna, hata miguu wameipima kwa pamba na chuma na haina kosa.

"Na miguu yangu?"

"Njo hiyo nakuambia, yaya. Iko mizima."

Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi akamshukuru Mungu. Mimi nilisimama nikimtazama. Je, niliamini nilichosema? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu halipendezi: niliamini nusu. Nusu nyingine iliona ule mchoro wa karatasini, mtu mwenye soksi za moto, na ikajua ni nani. Lakini kama yaya alikuwa yule wa soksi, basi mimi nilibaki peke yangu tena na ugonjwa wangu usioonekana. Niliikunja karatasi nikaiweka chini ya nguo, mahali ambapo hata asiyejua kusoma asingeuona mchoro.

Tuligawana vidonge. Na vikafanya kazi! Yaya alilala usiku mzima, mimi nikalala nusu. Baadaye sana niliambiwa kwamba vidonge vile hutuliza maumivu ya namna zote mbili, bila kujali yametoka wapi. Lakini sisi tungejuaje? Tulisema: dawa ni moja, imewaponya wawili, basi ugonjwa ulikuwa mmoja. Shetani mwenyewe asingepanga vizuri zaidi.

Vidonge vikaisha, mimi nikarudi kwenye maumivu yangu. Yaya hakurudi. Mwezi ukapita, na wa pili, na beseni likabaki limeegemea ukuta. Jioni moja alinyoosha miguu mbele yangu akaigonga-gonga kwa ngumi, akicheka.

"Moto imezima, mudogo yangu. Sisikii kitu. Hata kidogo."

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema aliniambia kwamba ameshamweleza mchungaji, na Jumapili atatoa ushuhuda.

Ushuhuda kwetu si maneno tu. Unasimama mbele ya kanisa zima, unaeleza ulivyoumwa na Mungu alivyofanya, watu wanajibu kwa nyimbo, na jambo linakuwa limekwisha. Ukishashuhudia, ugonjwa ule haurudi kinywani mwako. Akitokea mtu wa kusema bado naumwa, amemnyang'anya Mungu sifa aliyompa mbele ya watu. Nilikuwa na siku tatu kabla ya Jumapili ile. Siku ya kwanza nilisema nitamwambia kesho. Ya pili nilijiambia labda ni Mungu kweli, na mimi ni nani nimzuie. Ya tatu nilifua nguo zake za kanisani.

Alisimama mbele ya lile kanisa letu la matope na mabati akiwa amevaa kitenge cha bluu. "Bwana asifiwe! Batu ya Mungu, mi nilikuwa nachomwa miguu miaka mbili. Leo siko nasikia kitu!" Wakaruka, wakaimba, vumbi likapanda hadi kwenye mabati. Alikanyaga sakafu kwa kishindo, mguu mmoja, mguu mwingine, ili tuone. Mimi nilikuwa mstari wa pili, na niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Aliishi hivyo kama mwaka na nusu. Alianza kujikwaa. Ndala zilimtoka njiani akatembea hatua nyingi bila kujua, mtoto wa jirani akimfuata amezishika. Watu walimtania kwamba Roho Mtakatifu anamvua viatu kama Musa. Alicheka. Mimi sikumcheka, wala sikumwambia kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Hawasemi kitu juu ya anayemfichia mwenzake.

Siku ya mkutano wa wamama kutoka Ngarama tulikuwa tunapika nje ya kanisa, masufuria makubwa matatu juu ya mawe. Yaya alikuwa kwenye ugali, mwiko mkononi, akiongoza wimbo. Mama mmoja akanusa hewa akasema kuna kitu kinaungua. Tukafunua maharage, hayakuwa yanaungua. Tukatazama nyama. Yaya naye aliinamia sufuria yake, akanusa, akageuza kichwa akiuliza, "Nini iko inaungua? Angalieni bizuri, chakula ya bageni!" Harufu ilikuwa ya plastiki, kisha ikawa ya nyama. Mimi ndiye niliyetazama chini. Kaa kubwa la moto lilikuwa limeviringika kutoka kwenye jiko, na yaya alikuwa amesimama juu yake. Ndala ilikuwa imeyeyukia mguuni. Alikuwa bado akikoroga.

Nilimsukuma. Alianguka, akakasirika, akaniuliza nina wazimu gani. Kisha akaona mguu wake. Hakupiga kelele. Aliutazama kama mtu anayeonyeshwa mguu wa mwingine, halafu akanitazama mimi, na mbele ya wanawake wote akasema kwa sauti ndogo, "Musiambie mutu."

Alikataa hospitali. Angesemaje kwamba mguu aliouponya Mungu umeungua bila yeye kusikia? Alitaka ufungwe kwa kitambaa, upakwe asali na mafuta ya maombi. Ningeweza kumlazimisha kwa sentensi moja. Siku nane niliosha kidonda kile, niliona kinavyokuwa cheusi pembeni, na sentensi ile ilikaa mdomoni kama mfupa. Siku ya tisa alianza kuweweseka kwa homa, na hapo hatukumwuliza. Tulimbeba kwenye bodaboda hadi kituo cha afya, na gari likampeleka Mbarara.

Safari hii daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimpima sukari akarudia mara mbili kwa kutoamini mashine. Alichukua pamba akamgusa mguu mzima, ule mwingine ambao haukuungua. Kidole, wayo, kifundo, hadi katikati ya muundi. Yaya alikuwa amefumba macho akingoja, kisha akauliza, "Bado hajaanza?"

Daktari alinivuta pembeni. Aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuipima miguu hii.

"Hakuna," nikasema. Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kweli juu ya miguu ile, na haikumsaidia mtu.

Waliukata ule ulioungua, chini ya goti. Sumu ilikuwa imeshatembea mwilini na sukari haikushuka vizuri. Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo, na nitaeleza moja tu.

Ilikuwa mchana, wodi imejaa watu waliokuja na vyakula. Yaya aliamka akiwa na uso wa furaha ambao sikuuona tangu siku ya ushuhuda. Alisema anasikia vidole. Vyote vitano. Vinawaka moto kama zamani. "Njo vimerudi," akasema, "ita daktari, ita na mchungaji." Nilijua mguu haupo, na yeye alijua, alishakiona kigutu kilichofungwa bandeji. Lakini aliusikia. Muuguzi alituambia ni kawaida, mishipa iliyokatwa hudhani mguu bado uko mahali pake. Yaya alimsikiliza kwa heshima, na furaha ikamtoka usoni taratibu. Moto ukabaki.

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza: "Ile siku, daktari alipima na chuma, akasema miguu iko mizima. Alipimaje?"

"Alipima yangu, yaya," nikasema. "Aliniuliza kama ni yangu nikasema njo, ni yangu. Na alisema ikinyamaza nikimbie, sikukuambia. Alinichorea ugonjwa wako kwenye karatasi, nikauficha."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Wagonjwa wengine walikuwa wakila, kijiko kikagonga sahani. Yaya alitazama dari, machozi yakamtiririkia masikioni, na hakuyafuta.

"Blanketi," akasema mwishowe. "Inanikandamiza kidole. Inua."

Nilikwenda mwisho wa kitanda. Blanketi lilikuwa limelala bapa juu ya godoro, halikufunika kitu. Nililishika kwa mikono miwili nikaliinua. Aliniambia bado. Nikaliinua hadi kifuani, kisha hadi kichwani. Mabega yangu yalianza kuwaka kama kawaida yake, watu wakatutazama, na blanketi lilikuwa juu kabisa, mbali na kila kitu.

"Sasa je, yaya?"

"Bado inagusa," akasema.